Nahodha asema alipiga, simu yangu haionyeshi kitu

SWALI: Assalamu alaikum. Namiliki mashua moja ya uvuvi na ninaishi Sahare, Tanga. Juzi nahodha wangu, aliyetakiwa kurudi asubuhi, alifika adhuhuri. Anasema alinipigia mara tatu kuanzia saa kumi na moja alfajiri akiwa mashariki ya Karange, na simu yake kweli inaonyesha kwamba alipiga namba yangu. Simu yangu haina hata moja kati ya hizo. Isitoshe, ramani tunayoonyeshana mahali tulipo ilimweka Tongoni, nchi kavu, na watu wananiambia ameshusha samaki huko. Je, rekodi ya simu zake inaweza kunionyesha alikuwa wapi? Na hiyo GPS inahitaji bando akiwa baharini?

JIBU: Waalaikumu salaam, mama. Kwa unavyoeleza, inawezekana kabisa kwamba nahodha alipiga, simu yako haikuita, na mashua haikukaribia Tongoni, yote hayo kwa pamoja na bila mtu yeyote kusema uongo. Sisemi kwamba ndivyo ilivyokuwa, kwa kuwa sikuwapo. Ninachosema ni kwamba ushahidi uliouweka mbele yangu haumtii nahodha hatiani. Rekodi ya simu hutunza namba, wakati na muda wa mazungumzo, lakini haitunzi mahali. Satelaiti, kwa upande wake, humwezesha mwenye simu kujua mahali alipo, lakini haimpelekei mtu mwingine habari hiyo. Mambo haya mawili hayakutani ndani ya simu isipokuwa mtu ameyakutanisha kwa makusudi, na hapo ndipo penye kasoro katika mpango wenu.

Nianze na zile simu tatu. Mtu anapobonyeza namba na kupiga, simu yake huandika jaribio hilo papo hapo katika orodha ya simu zilizopigwa, hata kama wito haukuvuka ubao wa mashua. Ya kwako haiandiki kitu mpaka mtandao uifikie na kuifanya iite. Kwa hiyo, kama nahodha alikuwa nje ya upeo wa minara, au kama simu yako ndiyo iliyokuwa imezimwa au haishiki mtandao alfajiri ile, orodha yake itakuwa na mistari mitatu na yako itakuwa tupu. Mwambie afungue kila mstari atazame muda wa mazungumzo. Ukikuta sekunde sifuri, mstari huo unathibitisha jambo moja tu, nalo ni kwamba kidole kilibonyeza. Hautofautishi wito ulioita usipokelewe, mtu aliyebipu akakata, na wito ambao haukupata mnara hata mmoja.

Tofauti hiyo utaipata kwa kumuuliza alisikia nini. Kama alisikia mlio wa kuita, basi huenda wito ulifika kwenye simu yako, na tuna jambo la kuchunguza kwako: huenda namba yake imewekwa kwenye orodha ya waliozuiwa, ambao simu nyingi huwaandika mahali pengine, au mtoto aliyechezea simu alifuta orodha. Kama alisikia ile sauti ya kuarifu kwamba namba anayoipiga haipatikani, basi yeye alikuwa na mtandao na wewe ndiye uliyekosekana. Na kama hakusikia kitu, wito ukakatika mara moja na kioo kikaonyesha kwamba hakuna mtandao, basi wito haukutoka kamwe. Muulize pia alitumia laini ipi, kwa kuwa wengi wetu tuna simu za laini mbili, na mara nyingi ile isiyo na salio ndiyo iliyochaguliwa kupigia. Kama alipiga kwa WhatsApp, wito huo utauona ndani ya programu yenyewe. Usiutafute katika orodha ya kawaida.

Jambo la saa nalo lina uzito wake. Saa iliyo kwenye orodha ni ile iliyokuwa ikionyeshwa na simu husika, na simu iliyoishiwa chaji ikawashwa baharini pasipo mtandao wa kuisahihisha inaweza kuwa nyuma au mbele ya saa yako. Tena kuna kuchanganya hesabu zetu za saa na za simu: saa kumi na moja na robo alfajiri ya nahodha ni 05:15 kwenye kioo, na nimeshuhudia watu wazima wakibishana kwa ukali huku mmoja akitafuta 11:15. Wekeni simu zote mbili zichukue saa kutoka kwenye mtandao, kisha mzilinganishe mkiwa ufukweni kabla ya mashua kuondoka.

Sasa tuje kwenye Tongoni. Simu janja hujua mahali ilipo kwa njia zaidi ya moja, na zinatofautiana sana kwa usahihi. Iliyo bora ni satelaiti. Kama nahodha alizima GPS ili kutunza chaji, jambo ambalo manahodha wengi hulifanya na siwezi kuwalaumu, simu hukisia kwa kutazama ni minara gani inayoisikia. Mjini, ambako minara imesongamana, makisio hayo huweza kukosea kwa mita mia kadhaa; pwani tupu na baharini hukosea kwa kilomita nyingi. Katika mfumo wa GSM, yaani ule wa simu za 2G, mnara mmoja unaweza kuhudumia simu iliyo umbali wa hadi kilomita 35, na hata mtandao unapopima umbali wa simu kutoka mnarani, hupima kwa hatua za takriban mita 550. Juu ya maji hakuna majumba wala minazi ya kuzuia mawimbi ya redio, kwa hiyo mashua iliyo mashariki ya Karange huweza kupata mtandao hafifu kutoka mnara wa nchi kavu upande wa kusini ya mji, na ramani ikakuwekea alama karibu na mnara huo. Ukitazama vizuri utaona duara la buluu hafifu limeizunguka alama. Duara hilo ndilo jibu halisi la simu: inakuambia kwamba mtu yuko mahali fulani ndani yake, pengine ukingoni kabisa. Alama ya katikati ni mapambo tu. Watu husoma alama na kulipuuza duara, na ugomvi huanzia hapo.

Kuna jambo la pili kuhusu ramani hiyo. Kile unachokiona ni habari ya mwisho iliyofika, na chini ya jina la mtu huandikwa imesasishwa muda gani uliopita. Simu ikitoka nje ya mtandao, alama hubaki palepale hata kama mashua imeshasafiri saa nne. Kwa hiyo kabla ya kusema mtu alikuwa Tongoni saa mbili asubuhi, ni lazima ujue kama habari yenyewe ilitumwa saa mbili au ilikuwa ya usiku. Ukaribu wetu na Pemba na Kenya huongeza mkanganyiko: katikati ya mkondo wa Pemba simu inaweza kushika mnara wa ng'ambo, na pande za Moa na Jasini hushika mitandao ya Kenya, ambapo kupiga na hata kupokea kunaweza kukugharimu zaidi ya ulivyozoea.

Kuhusu bando, jibu ni fupi: GPS haihitaji bando, salio wala hata laini. Satelaiti za mfumo huo wa Marekani huzunguka dunia zikiwa juu kwa takriban kilomita 20,200, kila moja ikikamilisha mizunguko miwili kwa siku, na mpango wake ni zisipungue 24. Simu za sasa husikiliza pia mifumo ya wengine, yaani GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China. Zote hutangaza tu. Hazijui kwamba simu ya nahodha wako ipo, wala kwamba yeye yupo. Fikiria uko mahali fulani Ngamiani na misikiti minne inaanza adhana kwa wakati uleule kabisa. Kwa kupima sauti ipi imetangulia kukufikia na kwa muda gani, na ukijua kila msikiti uko wapi, ungeweza kukokotoa umesimama wapi bila misikiti hiyo kukufahamu. Simu hufanya hivyo kwa mawimbi ya redio, yanayokwenda takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde huleta kosa la mita 300. Ndiyo maana inahitaji satelaiti nne na si tatu: tatu zingetosha kwa mahali na kimo, ya nne husahihisha saa ya simu, ambayo ni duni mno ikilinganishwa na saa za atomu zilizoko angani. Hadi Mei 2000 Marekani ilikuwa ikiwapunguzia raia usahihi kwa makusudi, na kosa likawa linaweza kufika mita 100; siku hizi simu ya kawaida chini ya anga wazi hukosea kwa takriban mita 5. Na hakuna anga lililo wazi kuliko la baharini.

Mbona basi nahodha atakuambia kwamba bila bando GPS haifanyi kazi? Kwa sababu anachokiona ni ramani, na ramani ni picha ambazo simu huzivuta kutoka intaneti. Bila intaneti atapata alama ya buluu juu ya karatasi tupu, akidhani chombo kimeharibika, kumbe simu inajua vizuri sana ilipo ila haina mahali pa kuonyesha. Dawa yake ni kupakua ramani ya eneo zima, kuanzia Pangani hadi mpakani pamoja na Pemba, mkiwa nyumbani. Google Maps inaruhusu hilo, na Organic Maps imetengenezwa kwa ajili hiyo. Kuna pia programu ndogo za bure zinazoonyesha namba za latitudo na longitudo pekee, na kwa mashua yako hizo ndizo ninazozipendelea.

Mtandao una msaada mmoja kwa GPS ambao haupaswi kusahauliwa. Ili simu ipate mahali haraka, inahitaji taarifa za njia za satelaiti. Ikiwa na intaneti huzipata kwa sekunde chache. Bila intaneti huzisoma kutoka kwa satelaiti zenyewe, zinazotuma polepole sana, biti 50 kwa sekunde: taarifa za satelaiti moja huchukua kama nusu dakika zikipokewa bila kukatika, na orodha nzima ya satelaiti zote huchukua dakika 12 na nusu. Simu iliyokaa imezimwa muda mrefu, ikawashwa mara ya kwanza katikati ya bahari ndani ya mfuko ulioloa, itamkasirisha nahodha mpaka aiache. Awashe GPS angali Sahare, asubiri ipate mahali, ndipo wang'oe nanga. Na simu ikae juu, kwani mawimbi haya ni dhaifu na hayapenyi maji wala bati.

Hata hivyo naomba asiitumie ramani ya simu kupitia penye miamba. Ramani hizo zimechorwa kwa ajili ya barabara. Hazionyeshi kina, wala tumbawe linalotokeza maji yakipwa siku za bamvua. Hapo elimu ya nahodha inaishinda simu kwa mbali. Dira ya simu nayo huvutwa na chuma cha injini, kwa hiyo mashua ikiwa inatembea ni afadhali afuate mwelekeo ambao GPS inaupata kutokana na mwendo wenyewe.

Nije kwenye lile ambalo, kwa maoni yangu, lingekuepusha na mashaka ya juzi. Nahodha akutumie ujumbe mfupi wa kawaida wenye namba za mahali pamoja na saa. Ujumbe wa maandishi huhitaji mtandao kidogo sana, na mara nyingi hupita pale ambapo sauti haisikiki. Hata ukikwama, unaweza kutumwa tena pale mashua inapopanda juu ya wimbi na kushika mnara kwa dakika moja. Atume anapofika mahali pa kuvua na anapoanza kurudi, na wakati wowote injini inapoleta matatizo, akianza na lile la injini kabla hajahangaika kupiga. Ujumbe wenyewe uwe mfupi, kwa mfano: «05:15 alfajiri, -5.1500, 39.3000, injini imezimika, watu 6». Utakuwa kwenye simu yake na kwenye yako, una wakati na una mahali, na utamaliza mabishano yote ambayo orodha ya simu haiwezi kuyamaliza.

Namba hizo zinadai uangalifu. Ya kwanza ni latitudo, na kwa kuwa Tanga iko kusini ya ikweta huandikwa kwa alama ya kutoa au kwa herufi S. Mfano niliotoa ni nukta iliyo ndani ya mkondo wa Pemba; ukiisahau alama ya kutoa utawatafuta watu wako kusini mwa Ethiopia, na ukizigeuza namba, ya pili ikawa ya kwanza, utaishia Hispania. Makosa hayo angalau ni makubwa kiasi cha kuonekana. La hatari zaidi ni lile dogo. Nukta 39.3000 kwa nyuzi za desimali ni sawa na nyuzi 39 na dakika 18. Baadhi ya vyombo huonyesha kwa desimali na vingine kwa dakika, na mtu aliyesomewa «thelathini na tisa, kumi na nane» akaandika 39.18 amewasogeza wavuvi takriban kilomita 13 kuelekea magharibi, karibu na nchi kavu, mahali panapoaminika kabisa. Chagueni mtindo mmoja, desimali zenye tarakimu nne baada ya nukta, msiubadilishe. Tarakimu hizo nne zinatosha, kwani ya mwisho hupima mita 11 tu.

Na saa iandikwe kila mara, kwa kuwa baharini mahali huchakaa. Mkondo mkuu wa bahari ya kwetu huelekea kaskazini, na wakati wa kusi huongezewa nguvu. Mashua iliyozimikiwa injini ikipelekwa noti 2, yaani maili 2 za baharini kwa saa, baada ya saa tatu itakuwa imehama takriban kilomita 11 kutoka kwenye nukta uliyotumiwa. Mtu atakayekwenda moja kwa moja kwenye nukta ile ya alfajiri akifika saa mbili hataona kitu, akarudi akisema umempa habari za uongo.

Chaji ndiyo kikwazo halisi. GPS ikiwashwa mfululizo huimaliza betri, lakini simu inayotafuta mtandao usiokuwapo nayo hula sana. Mashua ikishatoka nje ya upeo wa minara, nahodha aiweke simu katika hali ya ndegeni; simu nyingi huendelea kusoma satelaiti zikiwa katika hali hiyo, na hilo mlijaribu kwanza ufukweni. Betri ya akiba ndani ya mfuko usiopitisha maji si anasa. Kuna simu chache mpya za bei kubwa, kuanzia iPhone 14 ya mwaka 2022, zinazoweza kutuma ujumbe wa dharura kupitia satelaiti za mawasiliano, lakini hiyo ni huduma tofauti na GPS na haipatikani katika nchi zote; usinunue simu ya namna hiyo kwa tamaa hiyo kabla ya kuhakikisha.

Kama bado moyo wako haujatulia kuhusu Tongoni, fahamu kwamba kampuni ya simu hutunza kumbukumbu zake yenyewe, na hizo, tofauti na za kwenye simu, huonyesha pia mnara uliohudumia kila wito. Lakini laini ni ya nahodha, si yako. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 inawataka watoa huduma watunze siri za wateja wao, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeongeza ulinzi huo. Yeye anaweza kuomba za kwake, na polisi wanaweza kuzipata kwa taratibu za kisheria, mwajiri hawezi. Na hata ukizipata zitakutajia mnara, yaani utarudi kwenye lile duara kubwa tulilokwisha kulisema. Wale wanaotangaza programu za kuingiza namba ya mtu na kuona alipo wanataka pesa zako au taarifa zako. Programu hizo, zikijitahidi sana, hubahatisha nchi na kampuni kutokana na tarakimu za mwanzo, na tangu Machi 2017, mteja aliporuhusiwa kuhama kampuni na namba yake, hata kampuni hawaijui kwa hakika. Kuwasha ushirikishaji wa mahali kwenye simu ya nahodha bila yeye kujua nako usikufanye. Mweleze, mkubaliane uanze saa ngapi na uishe saa ngapi. WhatsApp, kwa mfano, hukuruhusu dakika 15, saa 1 au saa 8.

Kabla ya safari ijayo, andika kwenye karatasi iliyo karibu na simu yako jina la mashua, rangi yake, nguvu ya injini na idadi ya watu. Ukilazimika kupiga 112, utaulizwa hayo pamoja na nukta ya mwisho na saa yake, na utafute pia kwa mtu aliyeko ufukweni upepo unavuma kutoka wapi saa hiyo.